Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, Binti wa Israeli



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wakatekumeni habari za Abrahamu, baba wa waaminio. Nikawaeleza ya kwamba Mungu alimchagua, akafanya agano naye na uzao wake, na ya kwamba Wayahudi ndio uzao huo. Ndipo mzee mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akaniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu palepale. Alitaka kujua hivi: ikiwa Myahudi ameacha kusali, naye asema moyoni mwake kwamba Mungu hayuko, je, mtu huyo angali Myahudi, ama Uyahudi wake umekwisha siku ile?

Wengine walicheka kidogo, lakini mzee hakucheka. Baada ya mafundisho alinifuata nje, akanifumbulia sababu ya swali lake. Jamaa zake walikuwa wamemwambia ya kwamba siku atakapobatizwa hatakuwa tena mtu wa ukoo wao. Basi alitaka kujua ukoo wa mtu husimama juu ya nini: juu ya damu, au juu ya imani?

Nilimwomba anipe juma moja. Leo nawapa ninyi nyote jibu nililompa yeye, nalo ni maisha ya mwanamke mmoja Myahudi, jina lake Edith Stein. Alizaliwa katika dini ya Musa, akaiacha, akakaa miaka mingi bila kusali, akampata Kristu, akawa mtawa, akafa pamoja na watu wa taifa lake. Katika maisha yake swali la mzee wetu liliulizwa mara nyingi. Mama yake aliliuliza, na yeye mwenyewe, na serikali ya wauaji, na baada ya kifo chake Wayahudi na Wakristu waliliuliza tena.

Nyumba ya mama

Edith alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau. Wakati ule mji huo ulikuwa wa Ujerumani; leo ni wa Polandi, nao huitwa Wrocław. Siku aliyozaliwa ilikuwa Siku ya Upatanisho, sikukuu kubwa kabisa ya Wayahudi. Siku hiyo hufunga pasipo kula wala kunywa, tangu jua kuchwa hata jioni ya kesho yake, wakimwomba Mungu awaondolee dhambi zao. Mama yake, Auguste Stein, aliona kuwa ni baraka mtoto kuzaliwa siku ile, akampenda kwa namna ya pekee.

Auguste alizaa watoto 11. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki saba, na Edith ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alipokuwa hajatimiza miaka miwili, baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa mbao, alifariki ghafula safarini. Huo ulikuwa mwaka 1893. Jamaa walimshauri mjane aiuze biashara ile yenye madeni, lakini hakukubali. Aliishika kazi kwa mikono yake, akajifunza kununua na kuuza magogo, akalipa madeni, akawasomesha watoto wake. Tena hakuacha kusali. Alikwenda katika sinagogi, alishika sikukuu za wazee wake, na kila neno jema alilolipata alisema limetoka kwa Mungu.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tuelewe Wayahudi wenyewe wanafundisha nini. Kwa sheria ya walimu wao, waitwao marabi, kila aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi. Mgeni naye aweza kuingia katika taifa lao akiipokea Sheria ya Musa, kama Ruthu Mmoabi aliyefuatana na mkwewe Naomi, akawa mama wa babu yake mfalme Daudi. Lakini aliyezaliwa ndani ya nyumba haulizwi kwanza kama anaamini. Marabi wa kale walifundisha katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho yao, ya kwamba dhambi haimwondoi Mwisraeli katika Israeli. Mwana mkaidi ni mwana.

Tusidhani kwamba kwa sababu hiyo imani ni kitu kidogo kwao. Taifa lile lilifanywa na agano, na agano ni la Mungu. Myahudi mchaji hukiri kila asubuhi na kila jioni kwamba Mungu ni mmoja. Asiyeamini hafukuzwi nyumbani. Lakini machoni pa wenye imani yeye ni kama mtoto anayelala katika nyumba ya baba yake pasipo kusema naye. Wako tena Wayahudi wengi, hasa tangu karne ya 19, ambao kwao kuwa Myahudi ni kuwa mtu wa taifa, mwenye historia na mateso na desturi za wazee wake, ingawa hasali. Swali la mzee wetu, basi, Wayahudi wenyewe wameliuliza na kulijadili kwa muda mrefu.

Edith anaacha kusali

Mwaka 1906, Edith alipokuwa na miaka 14, alichoka na shule, akaomba apumzike. Mama yake akampeleka mji wa Hamburg, kwa dada yake Else aliyeolewa na daktari. Katika nyumba ile hapakuwa na sala wala sikukuu. Edith alikaa huko miezi kadhaa, na huko akaacha kusali. Hakuacha kwa uvivu, kama kijana anayesahau siku baada ya siku. Aliacha akijua anachofanya, kwa kuwa aliona haifai kusema na Mungu ambaye hamwamini.

Akarudi Breslau, akaingia tena shuleni, akawashinda wenzake wengi kwa akili. Je, nyumbani walimwambia kwamba si Myahudi tena? Sivyo. Alikula meza moja na mama yake, na watu wote wa mji walimjua kuwa binti wa Stein. Na tazama jambo hili: hata baada ya kuacha imani, hakupenda kuuacha mfungo wa Siku ya Upatanisho. Ndugu zake nao, ambao wengi hawakuwa na imani ya mama yao, hawakupenda kuuacha. Walifunga pamoja naye. Mungu hawakumwomba, lakini mama yao hawakutaka kumwacha afunge peke yake.

Basi hapo tunaona kwa macho jinsi mtu awezavyo kuwa Myahudi asiyeamini. Kamba ya imani imekatika, lakini kamba ya mama, na ya meza, na ya sikukuu ingali imefungwa. Edith hakuona haya kuitwa Myahudi. Hata hivyo, baadaye sana, alipoyafikiri maisha yake, aliungama ya kwamba katika miaka ile alikuwa Myahudi kwa jina na kwa damu, lakini ndani ya moyo hakujisikia kuwa hivyo. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Anatafuta ukweli

Mwaka 1911 Edith aliingia chuo kikuu cha Breslau. Mwaka 1913 akaenda Göttingen, kusoma filosofia kwa mwalimu mashuhuri Edmund Husserl. Huyo Husserl naye alizaliwa Myahudi, akabatizwa Mprotestanti. Mwalimu mwingine pale, Adolf Reinach, alikuwa pia wa ukoo wa Kiyahudi. Vita kubwa ilipoanza mwaka 1914, masomo yalivurugika. Mwaka 1915 Edith alikwenda kuwauguza askari katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza huko Austria, akakaa na wagonjwa wa homa kali bila kuogopa. Mwaka 1916 alipata cheo cha daktari wa filosofia. Kitabu alichoandika kilichunguza jinsi mtu awezavyo kutambua yaliyo moyoni mwa mwenzake, furaha yake na uchungu wake.

Mungu alimvuta kwa vitu vidogo. Siku moja katika mji wa Frankfurt aliingia kanisa kubwa la Wakatoliki kulitazama tu, kama wasafiri wanavyofanya. Akamwona mama mmoja anaingia na kikapu chake cha sokoni, akipiga magoti, akisali kidogo, kisha akienda zake. Edith alistaajabu. Mahali pa sala alipopajua, watu walikwenda saa ya ibada. Huyu alikuja katikati ya kazi zake kusema na Mungu, kama mtu anayepita kumsalimu rafiki yake. Hakumsahau tena mama yule wa kikapu.

Mwaka 1917 Adolf Reinach aliuawa vitani. Yeye na mke wake walikuwa wamebatizwa mwaka uliotangulia. Edith alikwenda kwa mjane ili kumsaidia kupanga maandiko ya marehemu, naye aliogopa safari ile, kwa maana hakuwa na neno la kumfariji. Kumbe, alimkuta mjane akiwa na huzuni kweli, lakini bila kukata tamaa, kwa sababu alikuwa ameushika msalaba wa Kristu. Siku ile ukuta wa kutoamini ulianza kubomoka moyoni mwake.

Katika kiangazi cha 1921, akiwa katika nyumba ya rafiki zake huko Bergzabern, alisoma kitabu cha maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania. Alipokimaliza alijua ya kwamba amepata ukweli alioutafuta. Wachunguzi wa maandiko ya kale wameonyesha baadaye kwamba babu yake Teresa, baba wa baba yake, alikuwa wa ukoo wa Wayahudi waliobatizwa. Hivyo binti wa Israeli alimwongoza binti wa Israeli.

Edith alibatizwa tarehe 1 Januari 1922. Wakati ule Eklezya ilikuwa ikiadhimisha siku hiyo Kutahiriwa kwa Bwana, yaani siku ambayo Yezu mwenyewe alipokea katika mwili wake alama ya agano la Abrahamu.

Machozi ya mama

Sasa tusikilize sehemu ngumu ya habari hii. Edith alikwenda nyumbani kumwambia mama yake. Mama Auguste, mwanamke yule shujaa aliyewalea watoto saba peke yake, alilia.

Twaweza kuuliza: kwa nini alilia sasa? Binti yake alipoacha kusali hakumfukuza. Leo amerudi kwa Mungu, mbona anaomboleza? Sababu yake ni hii, nasi Wakristu yatupasa kuisikia bila kujitetea. Kwa muda wa karne nyingi, katika nchi za Ulaya, Wayahudi waliteswa na watu waliojiita Wakristu. Walifukuzwa katika miji, walishurutishwa kubatizwa, walisingiziwa mambo ya uongo. Kwa hiyo Myahudi asiyeamini alikuwa bado upande wa watu wake, lakini aliyebatizwa alionekana kama mtu aliyevuka mto kwenda upande wa watesi. Ndiyo maana ubatizo uliuma kuliko kutoamini.

Edith hakumdharau mama yake kwa machozi yale, wala hakubishana naye. Alikaa naye siku nyingi, akafuatana naye katika sinagogi. Mama alipozisali Zaburi kwa Kiebrania, binti alizisali zilezile katika kitabu cha sala za Eklezya. Mama alishangaa kuona jinsi binti yake anavyosali.

Hapa ndipo lile neno nililowaambia mlishike. Edith alishuhudia kwamba baada ya kumrudia Mungu katika Kristu ndipo alipojisikia tena kuwa Myahudi. Alipokuwa hana imani, Uyahudi wake ulikuwa kama nyumba aliyozaliwa. Alipoamini, alimpata Mwenye nyumba. Alifurahi kufikiri kwamba Kristu, Mama Maria na Mitume walikuwa watu wa damu yake. Wayahudi wengi hawawezi kukubaliana naye katika jambo hili, nasi hatuwalazimishi. Lakini yeye ndivyo alivyoona maishani mwake.

Barua kwa Papa, na siku ya kuagana

Tangu 1923 hata 1931 Edith alifundisha katika shule ya Masista Wadominikani huko Speyer, akatafsiri maandiko ya Mtakatifu Toma wa Akwino kwa Kijerumani. Mwaka 1932 alianza kufundisha katika chuo cha Münster. Lakini Januari 1933 Hitler alishika utawala, na baada ya miezi michache Wayahudi walianza kuondolewa katika kazi. Edith naye akapoteza kazi yake.

Mwezi wa Aprili 1933 aliandika barua kwa Papa Pius XI, nayo imefunguliwa kwa wachunguzi mwaka 2003. Katika barua hiyo alijitambulisha kwa majina mawili pamoja: mtoto wa taifa la Kiyahudi, na kwa neema ya Mungu mtoto wa Eklezya Katolika. Alimwomba Baba Mtakatifu apaze sauti juu ya uovu unaotendwa na watu wanaojiita Wakristu. Aliona, wakati ambapo wengi hawakuona, ya kwamba kunyamaza kutaleta hatari kubwa.

Mwaka ule aliamua kuingia monasteri ya Wakarmeli wa Köln. Alirudi Breslau kumwaga mama yake, mwenye miaka 84. Tarehe 12 Oktoba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Edith, na pia siku ya mwisho ya Sikukuu ya Vibanda. Walikwenda pamoja katika sinagogi. Walipokuwa wakirudi, mama alimwuliza kama hotuba ya rabi haikuwa nzuri. Akamwuliza tena kama mtu hawezi kuwa mchaji akiwa Myahudi. Edith alijibu kwamba aweza, ikiwa hajapata kujua zaidi. Mama akauliza kwa uchungu kwa nini basi yeye alitaka kujua zaidi. Wala hakumtukana Yezu. Alikubali kwamba huenda alikuwa mtu mwema sana, lakini hakuelewa kwa nini alijifanya Mungu. Usiku ule mama alilia, na binti akamshika kichwa kifuani mwake kwa muda mrefu. Kesho yake Edith akapanda gari la moshi. Hakuwa na furaha ya shangwe, lakini alikuwa na amani.

Alipovaa kanzu ya utawa mwaka 1934, alipewa jina la Teresia Benedikta wa Msalaba. Kila juma alimwandikia mama yake. Kwa muda mrefu mama hakumjibu; mwishowe alianza kutuma salamu. Auguste alifariki tarehe 14 Septemba 1936. Baadaye watu walieneza habari kwamba kabla ya kufa alikuwa amekuwa Mkatoliki. Sista Benedikta alikanusha kwa nguvu. Alisema mama yake alikufa katika imani yake, akimtumaini Mungu wake mpaka mwisho, naye hakuona shaka kwamba Mungu amempokea. Tazameni heshima hiyo: hakutaka kumwibia mama yake imani yake, hata kwa uongo uliofurahisha Wakatoliki.

Wauaji hawaulizi imani

Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuamua nani ni Myahudi. Sheria ile haikuuliza mtu anaamini nini. Ilihesabu mababu: aliyekuwa na babu na bibi Wayahudi watatu au wanne alihesabiwa Myahudi, awe mchaji, awe asiyeamini, awe mtawa wa Karmeli. Marabi walisema Mwisraeli mwenye dhambi ni wa Israeli, kwa sababu ya agano na huruma ya Mungu. Wanazi walisema damu ya Myahudi haibadiliki, kwa sababu walitaka kuimwaga. Maneno yao yaweza kufanana masikioni, lakini moja latoka kwa baba asiyemkataa mwanawe, jingine latoka kwa mwuaji.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto. Mwisho wa mwaka ule Sista Benedikta alihamishiwa monasteri ya Echt, katika Uholanzi, ili asiwaletee hatari wenzake. Dada yake Rosa, aliyebatizwa baada ya kifo cha mama yao, alimfuata huko. Lakini Mei 1940 Wajerumani waliiteka Uholanzi nayo.

Tarehe 26 Julai 1942, katika makanisa ya Wakatoliki, ilisomwa barua ya maaskofu wa Uholanzi ya kupinga Wayahudi kupelekwa utumwani. Watawala wakakasirika. Tarehe 2 Agosti wakawakamata Wayahudi waliokuwa Wakatoliki, na miongoni mwao Sista Benedikta na Rosa. Katika kambi ya Westerbork mama wengi walikuwa wamepigwa bumbuwazi kwa hofu, wala hawakuwaangalia tena watoto wao. Walioonana na Sista Benedikta walishuhudia kwamba aliwachukua watoto wale, akawaogesha, akawachana nywele, akawatafutia chakula. Tarehe 7 Agosti walipakiwa katika gari la moshi kwenda Auschwitz, na tarehe 9 Agosti 1942 waliuawa. Kaka yake Paul na dada yake Frieda walifia katika kambi ya Theresienstadt. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa katika miaka ile, wenye imani na wasio na imani, pamoja.

Swali laulizwa tena

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1987, na Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998. Wayahudi wengine walihuzunika. Walisema kwamba aliuawa kwa kuwa Myahudi, si kwa kuwa Mkatoliki, na kwamba Eklezya isimchukue kana kwamba hakuwa wao. Neno lao lina uzito. Papa mwenyewe hakulikana. Alimtukuza kuwa binti wa Israeli, na pia binti wa Eklezya. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikuwa umefundisha kwamba Wayahudi wasihesabiwe hatia ya kifo cha Bwana, na kwamba Mungu hakuyaondoa mapaji yake kwao.

Katika nchi ya Israeli swali lilifika mpaka mbele ya waamuzi. Oswald Rufeisen, Myahudi wa Polandi, aliwaokoa Wayahudi wengi wa mji wa Mir wakati wa vita, kisha akabatizwa, akawa Mkarmeli, akaitwa Bradha Daniel. Alikwenda Israeli akaomba apokewe kwa sheria ya mwaka 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kurudi. Mwaka 1962 mahakama kuu ilikataa. Waamuzi walikubali ya kwamba kwa sheria ya marabi angali Myahudi, lakini walisema watu kwa kawaida hawamwiti Myahudi yule aliyekuwa Mkristu. Alipata uraia kwa njia nyingine. Mwaka 1970 sheria iliandikwa wazi: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia katika dini yao, naye si mfuasi wa dini nyingine. Kwa hiyo asiyeamini kabisa hupokewa, wala haulizwi neno.

Jibu kwa mzee

Basi, nilimjibu mzee wetu hivi. Myahudi asiyeamini angali Myahudi. Ndivyo wanavyosema Wayahudi wenyewe, na mwenye haki ya kuieleza nyumba ni mwenye nyumba. Lakini sisi Wakristu si hivyo. Hakuna mtu aliyezaliwa Mkristu. Mtoto wa katekista hazaliwi Mkristu, wala mjukuu wa mbatizwa wa kwanza wa misioni. Kwetu mlango ni imani na ubatizo. Anayeshika jina la ubatizo tu, na moyoni haamini, asijifariji kwa jina hilo.

Tena nilimwambia kwamba ubatizo haukati damu. Edith alibaki binti wa Auguste mpaka kambini. Hakuwadharau wazee wake, hakuicheka sala yao, hakusema uongo juu ya kifo chao, na taabu ilipokuja alikuwa pamoja nao. Lakini sikumficha kwamba kutakuwa na machozi. Anayembatiza moyo wake kwa Kristu na awe mpole kwa wanaolia kwa ajili yake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya. Kisha akaniaga. Jumapili iliyofuata alirudi pamoja na kaka yake mkubwa, yule aliyesema maneno makali kupita wote. Akaniomba nimsimulie kaka yake habari ya mama Auguste, tangu mwanzo.